Utumwa na Nchi Mpya za Marekani

Wazee wetu husema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mtoto wa shule aijua methali hii, naye huiandika katika daftari lake kwa mwandiko mzuri, akidhani ya kuwa yahusu nyumba za udongo tu. Sisi twaona ya kuwa yahusu mataifa pia. Katika makala hii twataka kuwaonyesha wasomaji wetu jinsi taifa la Marekani lilivyouona ufa katika nyumba yake tangu siku ya kwanza, likauacha. Na kila lilipoongeza chumba kipya, ufa ule ukaingia na humo. Hata ilipofika mwaka wa 1861 nyumba yote ikapasuka.

Watu wakiulizwa sababu ya vita vile vya ndugu kwa ndugu, hujibu ya kuwa ni utumwa, nao husema kweli. Lakini utumwa wa watu weusi ulikuwako Virginia tangu mwaka wa 1619, na vita havikuja mpaka mwaka wa 1861. Kati ya hapo ni miaka 242. Mbona nyumba ilisimama muda mrefu namna ile, kisha ikaanguka? Jibu lake, kwa maoni yetu, limo katika ramani. Kila mara Wamarekani walipopata nchi mpya upande wa magharibi, walilazimika kuulizana swali lile lile walilotaka kulisahau: Je, nchi hii itakuwa ya watu huru au ya watumwa?

Mwaka wa 1787 wakuu wa nchi walikutana katika mji wa Philadelphia kuandika Katiba yao. Neno lenyewe la mtumwa hawakuliandika, kama watu waonao haya. Walakini habari za utumwa waliziandika kwa maneno ya kuzunguka: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu wakati wa kugawanya viti vya Baraza, biashara ya kuwaleta watumwa kutoka ng'ambo isikatazwe kabla ya mwaka wa 1808, na aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake. Mwaka huo huo ilitolewa sheria nyingine ya kukataza utumwa katika nchi zilizo kaskazini-magharibi ya mto Ohio. Basi tangu siku zile taifa lilikuwa na mikono miwili, mmoja ukifunga mlango na mmoja ukiufungua.

Wengi katika wakuu wale walitumaini ya kuwa utumwa utakufa wenyewe polepole. Ardhi ya Virginia ilikuwa imechoka kwa kupandwa tumbaku, na faida ilikuwa ikipungua. Lakini mwaka wa 1793 mtu mmoja jina lake Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba. Kabla ya hapo kutoa mbegu kwa vidole kulikuwa kazi ya taabu, mtu akashinda siku nzima akapata pamba kidogo tu. Sasa mashine ikafanya kazi ya watu wengi, na viwanda vya nguo vya Uingereza vikataka pamba bila kushiba. Wenye mashamba wakatazama magharibi, kwenye udongo mweusi wenye rutuba wa Alabama na Mississippi, wakautamani. Yule mgonjwa waliyedhani atakufa akainuka kitandani akaomba chakula.

Chakula kikapatikana. Mwaka wa 1803 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliwauzia Wamarekani nchi ya Louisiana kwa dola 15,000,000, nayo ikakaribia kuongeza ukubwa wa nchi yao mara mbili. Ni ajabu kufikiri sababu mojawapo ya kuuzwa kwake. Watumwa wa kisiwa cha Haiti waliondoka juu ya mabwana zao tangu mwaka wa 1791, wakayashinda majeshi ya Napoleon, hata akakata tamaa ya kuwa na dola katika Amerika. Hivyo watu weusi waliojikomboa kwa damu yao ndio waliokuwa sababu ya kupatikana nchi ambayo ndani yake watu weusi wengine walifungwa. Mambo ya dunia hayaendi sikuzote kama haki ipendavyo.

Tena nchi hizo mpya hazikuwa tupu. Wenyewe walikuwamo tangu zamani. Katika hao twapenda kuwataja watu wa taifa la Cherokee, kwa kuwa habari zao zatugusa sisi tusomao gazeti la lugha yetu wenyewe. Mtu mmoja wa taifa hilo, jina lake Sequoyah, asiyejua kusoma Kiingereza, aliketi miaka mingi akibuni alama za sauti za lugha yao, akazimaliza mwaka wa 1821. Hata ilipofika mwaka wa 1828 walikuwa na gazeti lao, lililopigwa chapa kwa herufi zao na kwa Kiingereza. Walikuwa na mashamba, makanisa na baraza. Lakini jimbo la Georgia liliitaka ardhi yao, na mwaka wa 1830 ilitolewa sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini, waende ng'ambo ya mto Mississippi. Misionari mmoja, Samuel Worcester, aliyekataa kuomba ruhusa ya Georgia ili akae kati yao, alitiwa gerezani. Mwaka wa 1832 Mahakama Kuu ya nchi iliamua ya kuwa sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Cherokee. Hukumu ilikuwa njema, ila hapakuwa na mkono wa kuitimiza, wala Rais Andrew Jackson hakutaka kuwa mkono huo. Mwaka wa 1838 askari waliwatoa watu katika nyumba zao. Yapata watu 16,000 wakapelekwa magharibi, na hukisiwa ya kuwa 4,000 wakafa kwa maradhi, njaa na baridi. Nao matajiri wa Cherokee walikuwa na watumwa wao weusi, wakaenda nao katika safari ile ile. Aliyeonewa naye alikuwa na wa kumwonea.

Ardhi ilipokwisha kutwaliwa, ilitakiwa mikono ya kuilima. Kuleta watumwa kutoka Afrika kulikuwa kumekatazwa tangu tarehe 1 Januari 1808, ijapokuwa wengine waliletwa kwa siri. Basi Virginia na Maryland, zilizokuwa na watumwa wengi na ardhi iliyochoka, zikawa wauzaji, na nchi mpya za pamba zikawa wanunuzi. Kati ya mwaka wa 1790 na mwaka wa 1860 yapata watu milioni moja walihamishwa hivyo. Wengine walikwenda kwa miguu majuma mengi, wamefungwa minyororo wawili wawili. Wengine walitiwa merikebuni hadi soko la New Orleans, wakapandishwa mbele ya dalali, wakakaguliwa meno na migongo. Mume aliuzwa Georgia, mke akabaki alipo. Mtoto aliuzwa Mississippi, mama asijue njia aliyopitishwa. Mtu akisoma ya kuwa Marekani ilipanuka, na akumbuke ya kuwa upanuzi ule ulikuwa pia safari hii.

Mwaka wa 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka wa 1860 walikuwa karibu milioni 4. Waliotumaini ya kuwa utumwa utakufa wenyewe walikosa sana katika hesabu zao.

Ugomvi mkubwa wa kwanza juu ya nchi mpya ulitokea Missouri ilipoomba kuwa jimbo. Wakati huo majimbo ya watumwa yalikuwa 11 na majimbo huru 11, na kila upande uliogopa kuzidiwa katika Baraza. Mwaka wa 1820 wakafanya mapatano: Missouri iingie kama jimbo la watumwa, Maine iingie kama jimbo huru, na katika nchi nyingine zilizonunuliwa kwa Napoleon, uwekwe mstari wa latitudo ya digrii 36 na dakika 30. Kaskazini ya mstari huo utumwa usiwe, isipokuwa katika Missouri yenyewe. Kusini yake uwe. Watu wakashangilia, wakaenda nyumbani.

Tulipofundisha habari hizi darasani tuliichora ramani ubaoni, tukauchora na ule mstari kwa chaki. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye si mwepesi wa kuuliza, akasimama akasema, "Mwalimu, mtumwa akiuvuka mstari ule, anakuwa mtu huru?" Tukamwambia ya kuwa ameuliza neno kubwa, na ya kuwa Marekani yenyewe ilikaa miaka 37 kabla ya kulijibu. Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nasi twamwomba msomaji alishike swali la kijana huyu, maana tutalirudia.

Mstari ule ulidumu mpaka zilipopatikana nchi nyingine. Walowezi wa Kimarekani walikwenda Texas, iliyokuwa ya Mexico, pamoja na watumwa wao. Mexico ilipopiga marufuku utumwa mwaka wa 1829, jambo hilo liliwaudhi, likawa moja katika sababu za maasi yao. Mwaka wa 1836 Texas ikajitenga, na mwaka wa 1845 ikaingizwa katika Marekani kama jimbo la watumwa. Mwaka uliofuata vikaanza vita kati ya Marekani na Mexico. Vilipokwisha mwaka wa 1848, Mexico ilikuwa imepokonywa nchi kubwa sana hata pwani ya bahari ya Pasifiki, nayo ikapewa dola 15,000,000. Mwaka huo huo dhahabu ilionekana California, na watu wakaikimbilia kama nzi waonao asali.

Swali likarudi tena na sauti kubwa kuliko kwanza. Mwaka wa 1850 wakafanya mapatano mapya: California iwe jimbo huru, lakini itolewe sheria kali ya kuwakamata watoro hata katika majimbo huru. Mtu aliyedaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kujitetea kwa kinywa chake wala kuhukumiwa na wazee wa baraza. Tena mwamuzi akimrudisha utumwani alilipwa dola 10, na akimwacha huru alilipwa dola 5. Sheria ikiwekewa mizani kama hiyo, hakimu hahitaji rushwa. Wakati huo Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka Maryland mwaka wa 1849, alirudi mara kwa mara gizani akawatoa yapata watu 70, na baada ya sheria hiyo akawafikisha hata Kanada, kwa kuwa kaskazini ya Marekani haikuwa tena mahali pa salama.

Sisi Wakristo tusidhani ya kuwa kanisa lilikuwa nje ya mambo haya. Wamethodisti wa Marekani walitengana mwaka wa 1844, kwa sababu askofu mmoja wa Georgia alikuwa na watumwa. Wabatisti nao wakatengana mwaka wa 1845. Wahubiri wa kusini waliutumia waraka kwa Filemoni kutetea utumwa, na wa kaskazini wakautumia waraka ule ule kuupinga. Na watumwa wenyewe, ambao wengi wao walikatazwa kujifunza kusoma, waliisikia habari ya Musa na Farao, nao hawakuhitaji mfasiri wa kuwaeleza maana yake. Frederick Douglass, aliyetoroka mwaka wa 1838 akawa mwandishi na msemaji mkuu, alilaumu sana dini ya mabwana walioomba jioni na kupiga mijeledi asubuhi. Hakuilaumu Injili; aliwalaumu walioifanya pazia.

Mwaka wa 1854 mstari wa mwaka wa 1820 ulifutwa. Seneta Stephen Douglas alipitisha sheria ya kuwa katika nchi za Kansas na Nebraska walowezi wenyewe wapige kura, wautake utumwa au waukatae. Neno hilo lilionekana la haki, lakini waliokuwa hatarini kufanywa watumwa hawakupewa kura. Pande zote mbili zikatuma watu Kansas, na kura ikapigwa kwa bunduki. Mwezi wa Mei 1856 mji wa Lawrence ulivamiwa na watetezi wa utumwa, na siku tatu baadaye John Brown na wenzake wakawaua watu watano usiku. Kati ya siku hizo mbili, mjumbe mmoja wa South Carolina alimpiga Seneta Charles Sumner kwa fimbo ndani ya nyumba ya Baraza lenyewe, hata akazirai. Ufa ulikuwa umefika katika chumba cha wakubwa.

Sasa turudi kwa swali la kijana wetu. Alikuwako mtumwa jina lake Dred Scott. Bwana wake, tabibu wa jeshi, alimpeleka kukaa Illinois, jimbo huru, kisha katika ngome ya Fort Snelling, kaskazini kabisa ya mstari wa Missouri. Huko alimwoa Harriet, na binti yao wa kwanza alizaliwa ndani ya meli katika mto Mississippi, upande wa kaskazini ambako utumwa ulikatazwa. Waliporudishwa Missouri, mume na mke wakaenda barazani mwaka wa 1846 kudai uhuru wao, kwa kuwa walikuwa wamekaa katika nchi huru. Walishinda mwaka wa 1850, wakashindwa mwaka wa 1852, na tarehe 6 Machi 1857 Mahakama Kuu ikatoa hukumu. Jaji Mkuu Roger Taney alisema ya kuwa mtu mweusi mwenye asili ya watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, wala hana haki ya kushtaki katika mahakama zake, na ya kuwa Baraza halikuwa na uwezo wa kukataza utumwa katika nchi mpya. Yaani mstari ule uliotunza amani miaka mingi haukuwa mstari wa haki hata siku moja. Jibu kwa kijana wetu likawa: La, asingekuwa huru, hata angeuvuka mara mia. Dred Scott na jamaa yake walipewa uhuru mwezi wa Mei mwaka huo na watu waliowamiliki baadaye. Naye akafa mwaka wa 1858, akiwa ameonja uhuru muda wa mwaka mmoja na miezi kidogo.

Msomaji aweza kusema, Haya ni mambo ya mbali, yatuhusu nini? Na aiangalie nguo iliyoitwa merikani. Jina lake latoka Marekani. Mwaka wa 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said, na mwaka wa 1837 balozi mdogo wao, Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, alifika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem walileta nguo nyeupe imara zilizofumwa katika viwanda vya kwao, na pamba ya viwanda vile ilitoka katika mashamba ya watumwa ya kusini. Misafara iliichukua merikani mpaka Tabora na Ujiji. Kwa nguo hiyo wenyeji walilipwa hongo, kwa nguo hiyo zilinunuliwa pembe, na kwa nguo hiyo walinunuliwa watu. Mtumwa wa Mississippi aliichuma pamba. Na pamba ile ile, ikiisha kuwa jora, ikamnunua mtumwa mwingine huku bara. Vita vilipoanza mwaka wa 1861 pamba ilikatika, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia mahali pake.

Katika ukoo wetu yuko mama mmoja, aliyemzaa babu wa babu yetu, ambaye wazee husema alinunuliwa utotoni kwa jora za merikani. Jina lake limepotea. Alikotoka pamepotea. Wazee humwita "yule wa merikani" tu, nao hulisema neno hilo kwa sauti ya chini watoto wakiwa mbali. Na mpaka leo tumesikia, katika kikao cha posa, mtu mzima akinong'ona kama ukoo wa kijana yule si wa walionunuliwa. Posa ile ilikwama. Basi huo ndio ufa wetu sisi. Haukuzibwa kwa sababu wengi wetu tuliona haya hata kuutaja, kama wale walioandika Katiba pasipo kuliandika neno.

Marekani haikuziba ufa, ikajenga ukuta kwa bei kubwa. Mwezi wa Novemba 1860 alichaguliwa Abraham Lincoln, aliyeahidi kuzuia utumwa usiingie katika nchi mpya. Kabla hajakikalia kiti chake, South Carolina ilijitenga, na wengine wakafuata. Bunduki zikaanza kulia tarehe 12 Aprili 1861, na mpaka mwaka wa 1865 watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekufa. Mwezi wa Desemba 1865 utumwa ukafutwa katika Katiba. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Na hapo deni la watu waliotaka amani bila haki lilidaiwa kwa watoto wao na wajukuu wao.

Lakini liko jambo moja baada ya vita ambalo tulipolisoma tuliweka kitabu chini. Waliokombolewa walianza kuwatafuta ndugu zao waliouzwa. Magazeti ya makanisa yao yalichapa barua zao: fulani amtafuta mama yake, aliyeuzwa mwaka fulani, na bwana fulani, katika mji fulani, alikuwa na watoto kadha wa kadha, na majina yao ni haya. Gazeti moja la Wamethodisti katika New Orleans liliwaomba wachungaji wazisome barua hizo mimbarani, ili asiyejua kusoma naye asikie. Wengi hawakuwapata waliowatafuta. Walakini waliyataja majina mbele ya watu wote bila haya, maana haya haikuwa yao. Haya ilikuwa ya aliyeuza na ya aliyenunua.

Nasi twawaomba wasomaji wetu wafanye kadiri hiyo. Wazee wakingali hai, waulizwe majina, na daftari liwekwe nyumbani. Na katika vikao vya posa, anongonaye aambiwe aseme kwa sauti, kisha ajibiwe kwa sauti ya kuwa aliyenunuliwa hakutenda kosa lo lote. Kazi hiyo haihitaji mahakama wala jeshi. Yahitaji mtu mmoja katika kila kikao asiyeogopa kutazamwa.